Kisiwa Nilichokifuta

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kuchora ufuo wa bahari nisiyowahi kuiona. Picha za setilaiti zinatoka kaskazini kabisa, kwenye barafu, nami nafuata kwa kipanya ukingo wa nchi kavu na vile visiwa vyembamba vya mchanga vinavyoikinga pwani na mawimbi. Kutwa nzima. Macho yanawasha, mgongo ndio usiseme. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, mfanyabiashara wa Dar anayenunua vitambaa soko la Zhongda, hunicheka: "Shoga, wenzio wanarudi na makontena, wewe utarudi na miwani." Nacheka naye, lakini inaniuma.

Mwaka jana nikaharibu. Nilikuta kipande cha mchanga, kirefu, hakina hata jani. Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu kitu kama kile ni fungu tu, maji yakijaa halipo, na hakuna mwenye akili zake anayelihesabu kuwa nchi kavu. Nikakifuta, nikaenda kula. Kumbe bahari ya kule haijai na kutoka kama yetu. Maji hupanda kiasi cha kiganja. Kile kilikuwa kisiwa, siku zote kipo.

Nililijua hilo baada ya barua kufika ofisini kutoka kwa mwanamke wa kijiji cha huko. Mumewe ni mwindaji, na kwenye kisiwa hicho wana kibanda cha kujisitiri bahari ikichafuka. Ameiona ramani yetu, kibanda kiko majini. Waokoaji watatumia ramani hiyohiyo. "Mume wangu akikwama pale," aliuliza, "watamtafuta wapi?"

Nikaenda kwa laoban, ndivyo tunavyomwita bosi hapa. Akasema ramani imeshafungwa, tusubiri toleo la mwakani. Nikamwambia kosa ni langu, anikate mshahara akitaka, lakini kisiwa kirudi leo. "Mei banfa," akajibu, haiwezekani. Nikavuta kiti, nikakaa mlangoni kwake. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Jioni akaifungua ramani, nadhani kwa kunichoka tu.

Nikakichora upya, na kibanda nikakiweka. Kisha nikamwandikia yule mama kumwomba radhi.

Akajibu upesi. Mumewe alikwenda huko Jumatatu, bahari imechafuka, hajarudi. Boti ya waokoaji inaondoka sasa hivi na ramani yangu mpya. "Safari hii una hakika?"

Nikaifungua picha, nikaikagua, nikaikagua tena. Kisha nikaandika: ndiyo.