Ukoo wa Pimbi na Tembo

Kila ninapobandua gome bichi la mdalasini, pua yangu inaniletea fuvu la pimbi. Usicheke, msomaji wangu. Mjomba wangu Kobelo aliliokota akifyeka shamba, akalihifadhi kwenye kopo la maziwa lililojaa mdalasini ili lisinuke, na harufu ile haijanitoka tangu darasa la sita, kule Kinole.

Nilikuwa msichana mfupi kuliko wote darasani, na wenzangu waliniita Pimbi, kwa jina la yule mnyama wa mawemawe asiyezidi sungura. Nililichukia jina lile hadi machozi. Siku moja Mwalimu Neema, wa sayansi, alitueleza kwamba dinosaria walipotoweka, wanyama wanyonyeshao walipata nafasi ya kutamba, wakabadilika kizazi baada ya kizazi. Huko Misri, alisema, yamechimbwa mabaki ya pimbi wa kale, mifupa iliyogeuka mawe, wengine wakubwa kama ng'ombe. Akamalizia kwamba pimbi wa leo na tembo ni ndugu. Darasa zima liligeuka kunitazama, likaangua kicheko.

Mwalimu akataka kila mmoja alete kitu cha kuelezea somo lile. Atakayeshinda angeshuka naye mjini, kwenye maonyesho ya wanafunzi pale Mazimbu. Niliitaka nafasi ile kuliko gauni la Krismasi.

Mjomba alinipa fuvu lake bila maswali. Jumapili, baada ya misa, nilichora kwenye karatasi ya manila ukoo wa pimbi na tembo, vilevile bibi alivyozoea kuupanga wetu: mama, mama yake, mama wa mama yake, hadi bibi mmoja wa kale kule juu kabisa.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa. Nilionyesha meno mawili ya mbele ya lile fuvu, marefu na makali, nikasema pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yasiyokoma kukua.

"Na baba zao wako wapi?" Mwalimu aliuliza, akiitazama manila.

"Baba ana ukoo wake, Mwalimu. Sisi tunafuata wa mama."

Kicheko kilichofuata! Hata Mwalimu alijifuta machozi. Nilijua safari imeniponyoka, na hasira zikanipanda hadi aibu ikakimbia.

"Mjomba Kobelo anainama mlangoni kwa urefu, na mimi ndiyo hivi mnavyoniona," nilisema. "Nani anabisha kwamba ni mjomba wangu? Yeye na mama wametoka tumbo moja. Basi na pimbi na tembo ni hivyohivyo!"

Kasimu, aliyenibandika lile jina, akasema kutoka nyuma, "Hapo kweli." Mwalimu akaanza kupiga makofi. Nilishuka Mazimbu na kopo langu mapajani, naringa kama bibi harusi.

Miaka mingi baadaye nilirudi Mazimbu kusoma chuo. Mhadhiri alieleza kwamba wanaotafuta undugu wa wanyama huchunguza pia vinasaba ambavyo mama peke yake huwarithisha watoto. Akachora ubaoni: mama, mama yake, mama wa mama yake. Nilicheka kwa sauti hadi akaniuliza kulikoni. Miaka yote nilidhani nilishinda kwa mdomo tu, kumbe hata manila yangu ilikuwa na akili.

Nikienda Kinole, Kasimu bado ananiita Pimbi, tena sokoni, mbele za watu. Naitika kwa sauti kubwa.