Sista Pishi na Mfuko wa Baridi

Alizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, kitinda mimba wa fundi viatu, katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Mama yake alimnyonyesha huku mwenyewe akishindia maji, akafariki kabla mtoto hajaota meno. Bibi aliyemlea alisimulia kwamba binti huyo hakula chochote bila kukigusa kwanza kwa kiganja, kama anayepima homa. Alipokua aliingia utawani, akaweka nadhiri, akatumwa kufundisha katika shule ya parokia. Huko akawa mwalimu mkuu, na kwa jinsi alivyopenda kupima nafaka, watoto wakampachika jina la Sista Pishi.

Kwaresima moja aliamua shule ikusanye chakula kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu. Ili kuwatia watoto moyo, aliweka bendera ya zambarau: darasa litakaloleta kingi kuliko mengine litaitundika mlangoni. Hata watakatifu hukosea, na hilo lilikuwa kosa lake. Watoto walileta mchele, maharage na sukari. Waliokuja mikono mitupu walizomewa na wenzao. Stoo ikajaa hadi dirishani.

Siku moja ya joto kali, akipanga mizigo, aligusa mfuko wa unga uliokuwa baridi kama maji ya kisima. Akafuta mkono kwenye aproni, akaendelea na kazi. Kesho yake watoto wa darasa la jirani waligoma kukaa karibu na ukuta wa stoo, wakisema humo ndani kuna mtu anakwangua sufuria kwa kijiko. Walimu wakacheka, wakasema ni panya. Sista aliingia peke yake mchana kweupe, akafunga mlango, na mkwaruzo ule akausikia kwa masikio yake, ukikoma na kuanza tena, ukitoka ndani ya mfuko ule wa baridi. Aliogopa sana, na hakulificha hilo hadi uzeeni.

Mfuko ulikuwa umeungwaungwa kwa vipande vya vitambaa, akajua ni wa mama mshonaji, ambaye binti yake alisoma pale. Akajitwika, akashuka nao mtaani. Alipofika uani alisikia sauti ileile. Kitoto cha mshonaji kilikuwa sakafuni, midomo imekauka, kikikwangua sufuria tupu, wala hakikuinua kichwa.

"Sista, usinirudishie," mshonaji alisema. "Majirani wanaona. Na mwanangu wangemcheka shuleni."

"Aibu ni yangu, mama. Bendera niliiweka mimi. Washa moto kwanza, tutagombana mtoto akishakula."

Mtoto akapona. Bendera ikashushwa, na tangu hapo mifuko yote ilikuwa ya aina moja, ikaletwa imefungwa, hata aliyejaza makaratasi asijulikane. Kila mfuko ulipita mikononi mwa Sista, na wa baridi ulirudi kwa mwenyewe ukiwa mzito zaidi. Aliujuaje mlango wa kuupeleka? Alisema tu kwamba alifuata sauti. Wapo walionong'ona kuwa ni uchawi, na paroko akamwita ajieleze. "Baba," alijibu, "uchawi ungeniacha nilale."

Alizeeka, akaugua, lakini kila Kwaresima aling'ang'ania kutoa mfuko wake. Muuguzi wake alikuwa yuleyule mtoto wa sufuria, sasa mtu mzima. Mwaka wa mwisho muuguzi aliuinua mfuko kando ya kitanda, akauachia ghafla. Ulikuwa baridi.

"Bibi, kumbe huli. Unatuwekea humu."

"Leo umenishika, mjukuu wangu. Uache uende."

"Hauendi. Tutagombana ukishakula."

Akapika uji, akamlisha. Sista alikula wote, akachukua kijiko mwenyewe, akakwangua bakuli polepole hadi mkono ukatulia. Hivyo ndivyo alivyokufa.

Kanisa halijatamka neno juu ya mambo haya, nami sijifanyi mjuaji. Tumwige katika jambo hili moja: tukipokea sadaka, kabla ya kushukuru, tusikilize nyumba ilikotoka. Mfuko wake bado umetundikwa stoo, na watoto huugusa kila wanapoleta chakula. Ijumaa iliyopita walisema ni baridi. Walimu hawakucheka. Waliacha vipindi, wakatoka mtaani, wakawa wanapita mlango kwa mlango, kimya, wakisikiliza.