Barasa, Aliyenifundisha Nafasi Yake Mwenyewe

Nimeketi, nimesimama, nimekwenda langoni, nimerudi. Tangu bintiye, Nekesa, anipigie simu asubuhi kusema Barasa ametutoka, miguu yangu haijakubali kutulia.

Vijana mnaonifuata hapa mtandaoni hamkumjua. Alikuwa kiungo wa kulia wa timu yetu ya mpira wa magongo, hapa Nairobi, miaka ya sitini ikielekea kwisha.

Timu ilikuwa ya kampuni. Ukiingia first team, unapewa kazi katika ofisi yao mjini. Ukitolewa, meza yako inamfuata aliyechukua jezi.

Na utaratibu wa kocha ulikuwa huu: kijana anayepanda kutoka second team hufundishwa na yule yule mwenye nafasi anayoitaka. Mimi niliwekwa chini ya Barasa. Sote wawili tulijua maana yake.

Wengine waliwafundisha vijana wao nusunusu: kupiga, ndiyo; kupokea, wajitafutie wenyewe. Nami nilingoja kufanyiwa hivyo.

Mazoezi yalikuwa jioni, baada ya kazi, kwenye uwanja wa murram, udongo mwekundu mtupu, kule Westlands. Sikuwa mtu wa kutulia. Mpira ukienda kushoto, nami huyo, kushoto. Barasa akalaza gongo lake chini, akaniamuru nisilivuke. Nikalivuka. Akalirudisha pale pale. Nikalivuka tena.

"Kijana, wewe ni kiungo au mbwa wa kufukuza pikipiki?"

Timu nzima ilicheka. Jina hilo lilinifuata msimu mzima.

Jioni moja mkewe alimletea chai uwanjani. Akamwuliza mbele yangu, bila kupunguza sauti: "Baba Nekesa, unamfundisha huyu awanyang'anye watoto wako sahani?"

Barasa akanywa chai yake kwanza. "Jezi ataichukua tu. Afadhali aichukue akiwa anajua kazi." Kisha akanigeukia: "Rudi nyuma ya gongo."

Ikafika mechi na timu ya Nakuru. Kocha alinipa mimi jezi. Barasa akakaa benchi. Mpira ukaenda kushoto, na watu wote wakaenda nao. Miguu iliniwasha. Hapakuwa na gongo chini, lakini mimi nililiona. Nikakaa nyuma yake. Pasi ikakatiza uwanja mzima, ikanikuta peke yangu. Tukafunga.

Jumatatu nilipofika ofisini, Barasa alikuwa amekwisha kuifuta meza yake, sasa yangu. Alinionyesha droo iliyokuwa ikikwama, akanieleza kwamba huvutwa kwa kuinuliwa kidogo. Akachukua koti lake, akatoka.

Alifungua kibanda cha useremala Kangemi. Miaka ya sabini ilipoingia, alirudi uwanjani kila jioni, bila malipo, kuwafundisha vijana wa second team. Gongo lile lile likalazwa chini mbele yao.

Mmoja wao ndiye aliyekuja kuitaka jezi yangu. Nilimfundisha mimi. Barasa alisimama kando ya mstari akitutazama, na sikuthubutu kuficha kitu. Hata habari ya droo nilimweleza.

Barasa, nimetoka tena langoni. Sijui nafuata nini huko. Safari hii umekwenda upande ambao sijaruhusiwa kukukimbilia, na miguu inaniwasha kuliko siku ile ya Nakuru.

Lala kwa amani, kaka yangu. Nimerudi nyuma ya gongo. Nitakaa hapa mpaka mpira unifikie.