Mashimo Hamsini ya Mama Masika

Nakumbuka siku moja lori la serikali lilipoleta miche ya kahawa kwetu Mahango, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka najikasirikia. Nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na shati la pasi, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amenichagua niandike orodha ya wakulima watakaopewa.

Niliona kazi rahisi. Niliitisha mkutano sokoni nikaandika waliofika. Sasa niambie wewe, nani ana nafasi ya kushinda mkutanoni msimu wa kuandaa shamba? Walikuja wenye maduka, walikuja waendesha bodaboda, wakaja na waume wa watu ambao jembe walilishika mara ya mwisho siku ya kulinunua. Niliwaandika wote. Nikajiandika na mimi, ambaye shamba langu lilikuwa maboga machache nyuma ya jiko. Usicheke.

Lori halikuweza kupanda mlima, likasimama chini barabarani. Afande aliyelisindikiza hakuwa na subira. "Karani, soma majina! Haraka! Mimi nataka kufika Bwera leo." Nikasoma, miche ikagawiwa, ikaisha.

Ndipo Mama Masika akashuka kutoka mlimani. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, jirani yetu wa juu kabisa. Kahawa yake yote ilikuwa imekauka kwa ugonjwa, na hakuwa na kitu kingine cha kuwalisha. Aliposikia miche inakuja, alichimba mashimo hamsini kwenye mteremko, akayatia samadi aliyoipandisha kwa kapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wanavyobeba.

"Jina yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Mama, hukuja mkutanoni."

"Siku ya mkutano nilikuwa nachimba! Wewe ulipita kwa shamba yangu hata mara moja, uone nani analima? Umeandika watu ya kukaa. Sasa hii miche watapanda kwa benchi?"

Watu wakacheka. Mimi nikaona haya, na kwa kuona haya nikajifanya mkubwa: nikamwambia asubiri awamu nyingine. Asubiri! Kana kwamba mvua nayo ingesubiri.

Majuma machache baadaye nilikuta miche imekaukia ndani ya viroba nyuma ya maduka, mingine imeliwa na mbuzi. Yangu pia nusu ilikuwa imekufa. Nikaokota iliyobaki hai, yangu na ya wenzangu, nikampelekea Mama Masika kule juu. Aliipokea, akachambua mmoja mmoja. Iliyofaa ilikuwa kumi na minne tu, na mvua ilikuwa inakatika. Mwaka ule Mama Masika, mwanamke mwenye shamba lake mwenyewe, alishuka bondeni Mubuku kulima kibarua kwenye mpunga wa watu. Nilimwona akipita na jembe begani, na hakunisalimu.

Sasa nasikia mwaka huu wamekuchagua wewe uandike orodha ya miche, na tayari umetangaza mkutano. Mkutano tena! Kwa kweli mnanichosha. Siku hizi mnaandika kwenye simu, lakini majina ni yale yale, ya wale wale wanaoishi karibu na barabara.

Futa huo mkutano, mwanangu. Vaa gambuti, panda hadi shamba la mwisho, umwandike yule utakayemkuta na udongo mikononi, hata kama hana ndugu ofisini, hata kama hati ya shamba ina jina la mume aliyehamia Kasese mjini. Kama wewe mwenyewe hulimi, jina lako lisionekane hapo. Na miche ikifika, tafuta watu wa kuipandisha mlimani kabla haijanyauka. Mama Masika yuko hai na bado analima. Anza kwake.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe magoti ya kupanda mlima, na uzeeni usiwe na kisa kama hiki cha kumsimulia mtoto wa mtu.