Kituku aunda ndege ya pili, ya kwanza ilichukuliwa barazani

Ni saa moja asubuhi, na Kituku Munyoki amekwisha kuchafua vidole kwa gundi. Katika kibanda chake cha kutengeneza redio na simu mjini Voi, anabandika bawa la ndege ndogo alilolikata kwa wembe kutoka povu gumu la kufungia televisheni. Redio za wateja zimesogezwa pembeni. Leo zitasubiri.

Gundi ikishika, anafunga mota puani na betri tumboni. Kisha anaiinua ndege kwa ncha za vidole viwili, chini ya mabawa. Inainamia mkia. Anasukuma betri mbele kidogo, anapima tena. Pua nzito ni usumbufu tu, anasema, lakini mkia mzito huiangusha ndege kabla hujasema amina.

"Hii si toy," anasema bila kuinua macho. "Mtu akiiita toy namuuliza kama ashawahi kulimia ndovu."

Anayelimia ndovu ni dada yake, Mbinya, mjane mwenye ekari mbili za mahindi na ndengu kule Maungu. Kwa misimu mitatu ndovu walivuna kabla yake. Alipiga madebe, akachoma pilipili, wapi!

Mwaka jana Kituku, aliyejifunza kwa video za simu, alitumia shilingi elfu kumi na nne kuunda ndege ya kwanza. Aliipachika spika ndogo yenye mvumo wa nyuki aliourekodi kwenye mzinga wa Mbinya, kwa kuwa ndovu na ukubwa wake wote humwogopa nyuki. Jioni moja ndovu saba waliingia shambani. Kituku akairusha kwa rimoti, nao wakatimua mbio.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa adabu. Kwao jambo jipya halifanywi kimyakimya. Hupelekwa kwa chifu, watu walijue. Kituku akaibeba ndege hadi barazani, akaomba awalindie majirani mashamba yao pia. Watu wakapiga makofi. Mzee Maundu, anayepakana na Mbinya, akaomba awe wa kwanza.

Kisha afisa mmoja, mgeni wa siku hiyo, akauliza kibali cha kuirusha kiko wapi. Hakikuwako. Ndege ikaondoka kwenye buti la gari lake.

Siku tisa baadaye ndovu walirudi.

"Niliwasikia wakivunja mahindi, nikafunga mlango," anasema Mbinya. "Ningefanya nini? Hata wao hawana kibali, lakini nani atawauliza?"

Kituku amekwenda ofisini kuomba kibali mara sita. Ameambiwa ajaze fomu, kisha kwamba fomu imebadilika, kisha kwamba mhusika yuko likizo. Uchungu wake haufichi. Angekuwa mjanja kidogo, anasema, angenyamaza na dada yake angekula.

"Mama alitulea tukipiga hodi. Nikapiga hodi, nikaporwa mlangoni."

Msimu huu mahindi ya Mbinya yameanza kutoa ndevu, na ndovu hawangoji fomu. Jumamosi Kituku atapeleka ndege hii Maungu, kibali kiwe kimetoka au la. Safari hii hapiti kwa chifu. Anajua anaweza kufikishwa kortini na kibanda kikafungwa, na mkewe ameshamwambia hivyo zaidi ya mara moja.

"Wakinishika, wanishike," anasema. "Lakini wanikute mahindi ya dada yangu bado yamesimama."