Kapu la Saba Siku ya Mvua ya Mawe

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku yangu ya ndoa, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu umekwisha kuwa mtu mzima, na watu wameanza kukukabidhi vitu vyao.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Bradha mmoja Mwitaliano, aliyekuwa akitufundisha kilimo sisi vijana wa parokia kwetu Tura, alinitafutia nafasi ya kwenda kwao mwaka mmoja nikajifunze kusindika matunda. Kwao ni milimani, kaskazini ya Italia, ambako mashamba yamepandishwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, kila ngazi ikishikiliwa na ukuta wa mawe. Mimi ni mtoto wa tambarare. Kwetu garimoshi unaliona tangu likiwa mbali. Mwezi wa kwanza nilitembea kule nikipapasa kuta kama mtoto anayejifunza kusimama.

Nilikaa kwa mama yake Bradha, Bibi Agnese, mwanamke wa miaka themanini, pamoja na mwanawe mdogo, Pietro, aliyesimamia shamba. Kule hakuna shikamoo. Mimi niliendelea kupiga goti kila asubuhi kama nilivyolelewa, na baada ya wiki mbili bibi akazoea, akawa ananigusa kichwa.

Walitengeneza divai nyeupe. Nisikufiche, nilidhani divai ni kukamua zabibu na kungoja. Bibi alinieleza kwamba divai nyeupe haina pa kuficha kosa. Zabibu zichumwe asubuhi kukiwa na ubaridi, vichala vifike chini vizima, vikamuliwe papo hapo. Kichala kilichopondeka juani, maji yake hugeuka rangi ya kahawia na kuanza kuchacha kabla ya wakati. Kwa hiyo kapu halikujazwa mpaka juu, liliachwa kiganja kizima chini ya ukingo. Na chochote kilichoanguka kiliwekwa kando, kwenye ndoo ya siki. Amri zilikuwa hizo mbili tu.

Basi ikafika asubuhi ya kuvuna kipande cha juu kabisa, ambacho zabibu zake ndizo zilizowapa jina. Tulipanda watu wanane, ndugu na majirani. Haikupita saa moja, Pietro akanyoosha kidole nyuma ya kilele. Wingu lilikuwa limeinuka pale, jeusi, na tumbo lake lina rangi ya kijani. Mvua ya mawe. Ikizikuta zabibu bado mizabibuni, kazi ya mwaka mzima inalala chini kwa dakika kumi.

Kila mtu akauinamia mzabibu wake. Ulisikia mikasi tu.

Sasa sikiliza kiburi cha ujana. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, na nyumbani tulikua na sifa hiyo midomoni. Nikawaza, Mnyamwezi ashindwe na kapu la zabibu? Nikavishindilia vichala kwa viganja vyote viwili mpaka kapu likafurika, ili niokoe safari moja. Nikalitia mgongoni, nikashuka mbio. Haraka haraka haina baraka, niliimba hivyo tangu darasa la kwanza, lakini kuimba si kusikia.

Kwenye ngazi ya tatu jiwe likageuka chini ya mguu wangu. Nilianguka kwa magoti na kapu likamwagika lote kwenye udongo. Zabibu zilikuwa zimepasuka, maji yake yanatiririka, nyigu wamekwisha kufika. Nikatazama juu, nikatazama chini. Hakuna aliyeniona.

Mwanangu, ndoo ya siki ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Mimi nikazizoa zile zabibu pamoja na udongo wake, nikazirudisha kapuni, nikachuma vichala safi kwenye mzabibu wa karibu na kuvipanga juu. Kapu likapendeza. Nikalifikisha chini, nikaliweka bandani kwenye mstari na mengine, likawa la saba.

Tulimaliza matone ya kwanza yakianguka, tukakimbilia bandani. Mara mawe yakashuka juu ya bati kwa kishindo hata hatukusikiana. Wenzangu walikuwa wakikumbatiana kwa furaha, kwa kuwa kipande kile tulikuwa tumekimaliza. Mimi niliyatazama makapu. Pietro alikuwa ameanza kuyamimina kwenye kinu cha kukamulia. La kwanza. La pili. Nikajiambia nitasema akifika la tatu. Akafika la tatu, nikajiambia la nne. La nne, la tano. Magoti yalikuwa yanavuja damu nami siyasikii. Akainua la sita. Akainua langu, na vile vichala safi vikatangulia kuanguka, kisha udongo.

Hapo ndipo nilipomshika mkono. Nikasema, “Ni mimi. Lilianguka, nikalifunika.”

Pietro alinitazama, akatazama ndani ya kinu, akatupa kapu ukutani. Aliniambia maneno ambayo Kiitaliano changu hakikuyafikia yote, na nashukuru. Bibi Agnese alikuja polepole, akaingiza mkono kinuni, akatoa tope lililochanganyika na maganda. Akaamuru zabibu za makapu yote saba zitolewe, zikapelekwe kwenye pipa la siki. Makapu saba, mwanangu, kwa ajili ya moja. Yaliyobaki ndiyo yaliyokamuliwa, na divai nzuri ya mwaka ule ilikuwa kidogo mno.

Nilingoja anifukuze. Yeye alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akaniinulia gauni kidogo, akaanza kunisafisha magoti. Alisema bila kuniangalia, “Kuanguka ni kwa mlima. Kufunika ni kwako.”

Sijasahau mpaka leo. Pietro alikaa siku nne bila kunisemesha, na alikuwa na haki. Siku ya tano, tulipovuna kipande cha mwisho, cha chini, ambacho mawe hayakukigusa, bibi mwenyewe ndiye aliyenivika kapu mgongoni mbele ya watu wote.

Nilirudi nyumbani, nikafanya kazi ya asali na kina mama wa Tura miaka mingi. Siku moja binti mmoja aliiacha asali motoni ikaungua. Alinijia palepale, akasema, “Shikamoo mama, nimeharibu.” Tukamwaga ndoo moja, tukaendelea na kazi. Leo binti huyo ndiye mwenyekiti wao.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Utakosea, maana kazi ni ya mikono na mikono huteleza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa nalo ni maradhi, huambukiza vilivyo vizima karibu yake. Liseme likiwa bado dogo, liseme kwa mwenye mali, kabla hajakuuliza. Utaona haya, lakini haya ya saa moja haijaua mtu. Na wewe ukija kuwa mkubwa wa kazi, anayekuletea kosa lake kwa miguu yake mwenyewe usimvunje moyo.

Mungu akupe mikono yenye baraka na kinywa kisichoogopa kweli. Popote utakapoaminiwa, uondoke ungali unaaminiwa. Amina, mwanangu.