Baba Aliyecheka Akiogopa

Baba akiogopa alicheka. Sisemi kutabasamu. Nasema kicheko cha tumboni, kinachomkunja mpaka machozi yanamtiririka na kofia inaanguka. Alizaliwa nacho, na zamani tulikuwa tukiwasimulia wageni tukafurahi: siku alipokutana na nyoka chooni, siku alipopelekwa kwa wakwe kuposa. Lakini Kampala ya utawala wa jeshi haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo. Askari waliweza kuvumilia mambo mengi, kuchekwa hawakuvumilia. Watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari kwa makosa madogo kuliko hilo, na wake zao wanabaki kuuliza huku na huku. Kila baba alipovaa viatu tulijua kwamba anaweza kufa kwa kucheka.

Tulikaa Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Wazee wetu walifika na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakasahau kurudi. Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Asubuhi anasomesha watoto Kurani, jioni anauza ubani na kofia. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kuachwa na mume, nikiwa na hasira za kutosha kugawia mtaa mzima. Nadhani ndiyo maana kicheko kile kiliniudhi kuliko kilivyomuudhi mtu mwingine yeyote.

Mara ya kwanza kilipotaka kumtoa roho tulikuwa kwenye kizuizi cha barabara ya Port Bell, tunatoka Luzira kwa shangazi na samaki wetu kwenye kikapu. Askari alichungulia ndani ya teksi, akamwelekezea baba bunduki, na baba akaanza.

"Mzee, wewe nacheka nini?"

Baba alijaribu kujibu, akazidi. Mama, aliyekaa katikati yetu, hakupepesa hata ukope.

"Ni ugonjwa, afande," alisema. "Unaanza na kicheko."

"Halafu?"

"Halafu mtu anakufa."

Askari alisogea nyuma. "Nashika watu ingine?"

"Sana, afande. Hasa mate yakikurukia."

Askari akaziba mdomo na pua kwa kofia yake, akawapigia wenzake kelele, nao wakaziba midomo, wakatupungia mkono twende, twende upesi. Magari ya nyuma yetu yalipekuliwa mpaka kitunguu cha mwisho. Mama alisema samaki wataharibika tusipofika mapema.

Baada ya hapo tulianza kumtibu nyumbani. Alitafuna karafuu. Alifunzwa kuwafikiria marehemu wote wa ukoo, akaanza na babu yake, lakini babu alikuwa mtu wa vituko na jambo likawa baya zaidi. Mama alijifanya askari, akasimama mlangoni na mchi wa kinu, akadai kitambulisho: "Kipande iko wapi?" Baba akamtazama tu kwa mapenzi. Alisema hawezi kumwogopa mke wake. Ulikuwa uongo mtupu, ila woga ule ulikuwa wa siku nyingi na ulishapata mahali pake pa kukaa.

Nikampeleka kwa daktari, hospitali ya Mulago. Daktari alimfunga mpira wa presha mkononi, akautazama, akasema mzee ana presha ya kijana. Alinieleza kwamba woga lazima utafute pa kutokea. Wengine huwatokea tumboni, wengine huwanyima usingizi, wengine huwapiga moyo. Huyu umeamua kumtokea mdomoni, mshukuruni Mungu. Kisha akaonya tusimpeleke kwenye mambo ya kumshtua. Nikamuuliza mambo yasiyoshtua yanapatikana mtaa gani. Akautazama mlango, akapunguza sauti, akasema hata yeye anautafuta.

Basi likaja jipu. Gari la jeshi, nasema, likasimama mbele ya duka la ubani. Kulikuwa na meja aliyepewa nyumba ya Wahindi waliofukuzwa, kule Kololo, na usiku alikuwa akisikia watu wanatembea juu ya dari. Alitaka mwalimu aje amsomee dua. Dua ya kuingia nyumba mpya kwetu ni jambo la kawaida, unafukiza ubani, unasoma, watu wanakula pilau. Hakuna anayekataa, na mwenye jipu hakataliwi kabisa. Mama alijifunga buibui, akaniambia nijifunge langu. Kama baba atakufa, alisema, atakufa tukiwa hapo hapo.

Wanawake tuliketi nyuma ya pazia. Baba alianza vizuri. Alipofika kuomba wenye nyumba wazidishiwe umri, naona mawazo yalimpeleka kwa wenye nyumba wenyewe, wale waliofukuzwa. Sauti ikakatika. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akainama, mabega yakatikisika. Niliuma ukaya wa buibui langu. Sikupata kuogopa vile tena maishani.

Lakini mtu aliyeinama kwenye dua amefunika uso na mabega yanatikisika, kwetu analia. Ni mtu wa Mungu, moyo wake laini. Wazee waliokuwepo wakasema amin kwa sauti ya kusikitika. Mmoja akaanza kulia kwa kuona aibu kumwacha peke yake. Halafu meja. Halafu walinzi wa meja, wale wa mlangoni, kwa sababu mkubwa wao analia. Baba akatoa mikono, uso umelowa chapachapa, na hakuna aliyeona kitu ila uchamungu.

Tulirudi na gunia la sukari, wakati ambapo Kampala nzima ilikuwa inakunywa chai chungu. Na sifa zikaenea. Maofisa wakawa wanasema, mleteni yule mwalimu anayelia. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyoogopa, kadiri alivyoogopa ndivyo alivyocheka, na kadiri alivyocheka ndivyo walivyomheshimu. Mimi nilikuwa nachemka. Mama alikuwa anasema ni kazi ya Mungu.

Siku moja yule meja wa kwanza akamwita tena. Hapakuwa na wageni wala pilau, ni yeye na baba tu sebuleni, na sisi nyuma ya pazia letu. Baba hakuwa hata ameanza kusoma alipofunika uso.

"Mwalimu," meja akasema, "toa mikono."

Nikajua imekwisha. Mama akanishika kifundo cha mkono. Baba akatoa mikono, na kicheko kikatoka wazi, hakuna pa kukificha.

Meja hakukasirika. Alijivuta karibu, akasema kwa sauti ndogo: "Wewe naogopa. Mimi najua tangu siku ile. Hata mimi naogopa. Kila gari nasimama inje, mimi nafikiri nakuja kuchukua mimi. Onyesha mimi namna ya kucheka."

Kicheko cha baba kilikatika pale pale. Akamtazama yule mtu mkubwa na alama za cheo chake mabegani, kisha akamsomea dua fupi kwa sauti kavu, tukaondoka. Njiani tulisimamishwa. Baba alishuka, akajibu alichoulizwa, akapanda tena, bila hata tabasamu. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake.

"Kama yeye anaogopa," akasema, "basi anayetutisha ni nani?"

Mama alimvua viatu. Tangu siku hiyo baba hakucheka tena. Tulikuwa tumepata kile tulichokihangaikia, na ilikuwa mbaya. Usingizi ulimkimbia. Alianza kupumzika njiani akipanda kwenda msikitini, ameshika kifua. Daktari alimpima, akampima tena, akamuuliza kitu gani kimemtokea. Baba akasema, "Nimepona."

Asubuhi moja nilimkuta mama amesimama nyuma ya kiti cha baba, ameinua sinia la shaba juu ya kichwa. Akaliachia sakafuni. Majirani walitoka nje, kuku walitimka, mimi nilipiga yowe. Baba aligeuka taratibu, akainama kwa shida, akaliokota, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pole, mke wangu," akasema. "Limekuponyoka."

Mama alilipokea, akaingia jikoni, akafunga mlango. Ndipo nilipomsikia akilia.